Mjomba, nichukue simu ya laki nne na themanini au nikope ya milioni?

Shikamoo Mjomba.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nauza samaki hapa Feri, Mtwara mjini, huu ni mwaka wa saba. Alfajiri nanunua kwa wavuvi wakishusha, nachambua, napiga picha, naweka statasi. Wateja wangu wa Masasi, Newala na Tandahimba wananiagiza humo humo WhatsApp. Wakishatuma hela napanga samaki kwenye deli la barafu, napakia kwenye basi. Hapa mjini nina hoteli mbili zinazochukua ngisi na pweza kwangu. Kwa hiyo Mjomba, simu ndiyo meza yangu ya biashara.

Hii niliyonayo imenichosha. Ina RAM 2 na storeji 32, kila siku inaniambia nafasi imejaa. Pa kuchajia pamebadilishwa mara mbili, fundi anasema ni chumvi. Mwezi uliopita ngalawa iliingia na kolekole wazuri, kilo arobaini na kitu. Nikampigia mteja wangu wa Masasi, akasema nitumie picha nione. Kamera ikagoma kufunguka. Nikazima, nikawasha, ikaganda kwenye jina la kampuni. Ilipokuja kuwaka na picha kwenda, akanijibu ameshachukua kwa mtu mwingine. Mjomba, nilikaa juu ya deli nikalia mbele za watu.

Sasa kikoba chetu kimevunja, mgawo wangu ni Sh600,000. Nimekwenda dukani wakanionyesha Samsung mbili. A16 wanauza Sh480,000, kikaratasi chake kimeandikwa RAM 8. A56 wanauza Sh1,150,000. Muuzaji anasema A56 haiingii maji, hata ikidondoka baharini naiokota naendelea kuongea. Nikamwambia hela yangu haifiki. Akasema nitoe kianzio Sh400,000, halafu Sh4,000 kila siku kwa mwaka mzima. Siku nisiyolipa simu inajifunga mpaka nilipe.

Mdogo wangu wa kike anasema nichukue ile kubwa, hata hotelini wataniona mfanyabiashara. Mume wangu anasema simu ni simu, nitafute ya laki na nusu, hela nyingine iingie kwenye mtaji. Mimi nimebaki katikati. Naogopa kuchukua ya bei ya chini halafu baada ya mwaka nirudi kulia juu ya deli. Naomba unishauri kama mpwa wako.

Muuza samaki, Feri, Mtwara

*

Marahaba mpwa wangu, na pole sana kwa wale kolekole. Nimesoma barua yako mara mbili, kwa sababu simu za watu wa pwani ndizo zilizojaa mezani kwangu hapa Lindi miaka yote ya ufundi.

Jibu langu ni hili: chukua A16, lipa taslimu, mkopo achana nao. Ila si A16 yoyote, na kile kikaratasi cha RAM 8 (RAM ni memori ambayo simu inafanyia kazi) nitakirudia, maana nina wasiwasi nacho.

Nianze na bahari, kwa sababu naona hapo ndipo muuzaji alipokushika. Amekuambia ukweli nusu. A56 ina kinga ya maji inayoandikwa IP67. Ile 6 inahusu vumbi, ile 7 inahusu maji, na maana yake ni kwamba simu imejaribiwa kwenye maji yasiyo na chumvi, kina cha mita 1, kwa dakika 30. Bahari haimo kwenye jaribio hilo. Samsung wenyewe wanaeleza kwamba simu za aina hii hazifai kutumiwa ufukweni wala kwenye bwawa la kuogelea. Halafu ile kinga ni gundi na mipira myembamba inayozunguka kioo na mfuniko wa nyuma. Simu ikidondoka mara mbili tatu, au fundi akiifungua kubadilisha kioo, usiihesabu tena.

Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi kama gramu 35. Ngoja nikueleze ninachokiona nikifungua simu ya mtu wa Feri. Naweka sistimu chaji, yaani pale pa kuchajia, chini ya lensi. Zile pini ndogo, ambazo kwenye simu mpya zinang'aa kama dhahabu, nakuta zimeota ukungu wa kijani, na pembeni kuna chembe nyeupe. Kijani ni shaba inayoliwa. Nyeupe ni chumvi yenyewe. Mkono ulioshika pweza umeshika simu, tone likaingia, likakauka, chumvi ikabaki ndani. Usiku unachomeka chaja, hewa ya pwani ina unyevu, ile chumvi inaunyonya, umeme unapita mahali usipotakiwa kupita na pini zinalika. Wewe hukuizamisha simu hata siku moja, na bado umebadilisha sistimu mara mbili. Na A56 nayo ina tundu hilo hilo la kuchajia, liko wazi vile vile.

Kwa hiyo kinga yako hainunuliwi kwa Sh1,150,000. Kuna mfuko wa plastiki angavu wenye kibano juu na kamba ya shingoni, ule wanaouvaa watalii wakienda kuogelea. Unauzwa elfu chache tu. Simu ikiwa ndani unaigusa kama kawaida na picha unapiga. Ukiwa Feri simu isitoke humo. Ukifika nyumbani, chukua kitambaa chenye maji baridi ya bomba, kikamue mpaka kisidondoshe, ufute simu, kisha ufute tena kwa kikavu. Usichomeke chaja mpaka tundu likauke kabisa, na simu ikikuonyesha alama ya tone la maji, itii. Wala usiifukie kwenye mchele. Mchele hautoi chumvi, na unga wake unaingia kule kule kwenye tundu. A16 yenyewe ina kinga ndogo, IP54, inayostahimili marasharasha. Ikiwa ndani ya mfuko inakutosha.

Sasa mkopo, na hapa nitakuwa mkali kidogo kwa sababu nakupenda. Chukua karatasi. Sh4,000 kwa siku 365 ni Sh1,460,000. Ongeza kianzio Sh400,000, inakuwa Sh1,860,000 kwa simu ambayo kwa taslimu wanaiuza Sh1,150,000. Umezidisha Sh710,000. Hiyo zidio peke yake inanunua A16 nzima na inabaki Sh230,000 mkononi.

Na hesabu siyo kinachonitisha zaidi. Wewe kipato chako kinakwenda na bahari. Bamvua pweza wapo, maji mafu unarudi na deli nusu. Kusi ikivuma Juni, Julai, Agosti, kuna siku vyombo havitoki kabisa na watu wanakaa ufukweni wanaangalia mawimbi. Mkopo wa kila siku haujui bamvua wala maji mafu, saa ikifika unadai Sh4,000 yake. Ukikosa siku moja tu, simu inajifunga, na ndani yake kuna namba za wateja wa Masasi, kuna oda, kuna picha. Bahari ikitulia, samaki wamejaa, wewe unatafuta hela ya kufungulia meza yako mwenyewe. Nimeshapokea watu wanaoniomba nizifungue simu za namna hiyo. Sizifungui, kwa sababu mpaka deni liishe simu bado ni ya aliyekopesha. Lakini machozi yao nimeyaona.

Je, A56 haina kitu? Inacho, na sitaki kuisema vibaya. Kioo chake kinang'aa zaidi juani, na mtu anayefanya kazi saa sita mchana pale ufukweni atauona utofauti. Kamera kubwa za simu zote mbili zimeandikwa megapikseli 50, hapo usidanganywe na namba, lakini ya A56 ina kifaa cha kutuliza mtikisiko wa mkono, kwa hiyo alfajiri kabla jua halijatoka picha yake inatulia zaidi. Inachukua video nzito za 4K, A16 inaishia kwenye HD kamili. Prosesa yake ina nguvu, inajaa chaji haraka kwa sababu inapokea wati 45 na A16 inapokea 25. Ungekuwa mpiga picha wa harusi ningekuambia tunza hela hata mwaka mzima uinunue.

Ila angalia kazi yako. Picha ya changu unaituma WhatsApp, na WhatsApp inaibana kabla haijafika Newala. Mteja anataka kuona jicho la samaki na shavu, anataka ajue ni wa leo. Hilo A16 inalifanya vizuri ukingoja mwanga kidogo. Weka samaki juu ya mfuniko mweupe wa deli, simama jua likiwa mgongoni kwako, kivuli chako kisimwangukie, na futa kioo cha kamera kwanza. Picha nyingi mbaya ninazoona huku zimepigwa kupitia mafuta ya samaki.

Kuna mambo mengine wauzaji hawayasemi kwa sababu hayawasaidii kuuza ile ya milioni. Betri za simu zote mbili ni sawa, mAh 5,000. Ahadi ya masasisho ya usalama ni miaka 6 kwa zote mbili, ikihesabiwa tangu simu ilipotoka, siyo tangu uliponunua wewe. A16 ilitoka mwishoni mwa 2024, kwa hiyo inakwenda mpaka karibu 2030. Na memori kadi: A16 ina nafasi yake, A56 haina. Kwa mtu ambaye storeji imemtesa kama wewe, hilo ni jambo kubwa. Picha na video za miaka yote unazihamishia kwenye kadi, simu inabaki nyepesi.

Nirudi kwenye RAM, kwa sababu hofu yako ya kurudi kulia baada ya mwaka jibu lake liko hapa. A16 inatoka na RAM 4, 6 au 8. Zote sura moja, boksi zinafanana, bei zinatofautiana. Na kuna mchezo unaochezwa madukani. Simu ina RAM 4 halisi, halafu kuna mpangilio unaoitwa RAM Plus unaoazima kipande cha storeji kisaidie RAM. Muuzaji anajumlisha 4 na 4, anaandika 8. Ile ya kuazima ni ya polepole, haiwezi kuwa sawa na halisi. Kwa hiyo ukifika dukani usisome kikaratasi, soma boksi. Kisha omba simu iwashwe, ingia kwenye Mipangilio, sehemu ya utunzaji wa kifaa, fungua memori, hapo utaona halisi ni ngapi na ya kuazima ni ngapi. Ukikuta 4, mwambie akutafutie ya 6 au ya 8, na storeji isiwe chini ya 128. Akitaka umwongeze Sh50,000 au 60,000, mpe. Hiyo ndiyo hela ya kuongeza, siyo ile ya kutoka laki nne kwenda milioni. Simu ya RAM 4 leo itakuridhisha, mwaka wa tatu WhatsApp ikishakuwa nzito utanilaumu.

Hapo hapo dukani, kabla hela haijatoka mkononi, bonyeza *#06#. Zitatokea namba za IMEI, yaani namba za utambulisho wa simu, mbili kwa sababu simu ina laini mbili. Zilinganishe na zilizo kwenye boksi. Halafu tuma namba moja kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, watakujibu simu hiyo ni ya kampuni gani na modeli gani. Unakumbuka Juni 2016 simu feki zilivyozimwa nchi nzima, watu wakaamka hawana mtandao? Dai risiti ya EFD na kadi ya dhamana iliyogongwa muhuri, viweke pamoja na vyeti vya watoto. Na angalia kama ndani ya boksi kuna kichwa cha chaja, mara nyingi siku hizi unakuta waya tu. Nunua kichwa cha wati 25 kizuri. Vichwa vya elfu mbili vya barabarani vimeniletea simu nyingi zilizokufa. Kuhusu 5G, usilipie hata shilingi zaidi kabla hujawauliza wenzako wa Feri kama laini yao inaishika hapo mnapouzia.

Kioo nacho kifikirie. Hapo Feri unafanya kazi juu ya zege lenye maji na magamba, simu itadondoka, tusijidanganye. Kioo cha A16 ukihitaji kubadilisha, fundi wa Mtwara anaweza kukipata kwa bei unayoimudu. Cha A56 ni ghali, na huku kusini mara nyingi nakiagiza Kariakoo, zaidi ya kilomita 550 kwa basi mpaka Mtwara. Wewe huku unauza bila simu. Weka kava la mpira lenye kingo nene na protekta siku ile ile ya kununua.

Mume wako ana hoja, na usimpuuze. Anaposema hela nyingine iingie kwenye mtaji ananiambia anaijali kazi yako. Lakini simu ya laki na nusu ndiyo hiyo uliyonayo sasa, imebadilishwa jina tu. RAM 2 au 3, storeji ndogo, na masasisho mara nyingi hakuna. Mwonyeshe hesabu ya wale kolekole: kilo arobaini, faida yako kwa kila kilo ni ngapi, na ni mara ngapi kwa mwezi simu imekukwamisha hivyo. Wewe unazijua hizo namba, mimi sizijui. Nadhani mkikaa nazo mezani, atakuelewa.

Mdogo wako naye anakupenda, anataka uonekane. Lakini mpishi wa hoteli akija kwako anafunua shavu la samaki, anabonyeza nyama kwa kidole, anauliza umefika saa ngapi. Sijamwona anayeuliza simu. Ukitaka wakuone mfanyabiashara, pakua WhatsApp Business, ni ya bure. Weka jina la biashara yako, saa zako za kazi, na katalogi yenye picha ya kila aina na bei ya siku. Kuna lebo za kupanga wateja, nani ameagiza, nani amelipa, nani bado. Hilo mpishi atalipenda, kwa sababu hatalazimika kukupigia simu saa kumi na moja alfajiri kuuliza ngisi wapo.

Hela itakayobaki baada ya simu, mfuko, kava na kichwa cha chaja haitakuwa nyingi. Ningekuwa wewe ningetafuta kitochi cha batani, niweke laini ya miamala humo. Menyu ya kutuma na kupokea hela inafanya kazi vizuri kwenye kitochi, chaji inakaa siku kadhaa hata umeme ukikatika, na pale ufukweni hata kikiingia maji hujapoteza kitu kikubwa. Simu kubwa ibaki na WhatsApp na picha, haina sababu ya kutoka kwenye mfuko kila mteja anapolipa.

Ile ya zamani usimpe mtu kwanza. Hamisha WhatsApp kwenda simu mpya ukiwa na bando la kutosha au ukiwa sehemu yenye waifai, hakikisha meseji na namba zote zimefika, kaa nayo wiki moja. Wateja wote wa Masasi wakishaonekana kwenye simu mpya, ndipo uifute yote kutoka kwenye Mipangilio, utoe laini. Na siku ukipita Lindi, ilete. Nitasafisha hiyo sistimu kwa spiriti na mswaki laini, bure, mtoto wako mkubwa aitumie kusomea.

Mjomba wako, fundi simu, Lindi